Maisha ya Askofu Mackenzie, Askofu wa Kwanza wa Misheni Yetu

JINA NA MTO

Kaskazini ya mbali, katika nchi ya Kanada, uko mto mkubwa uitwao Mackenzie. Hutoka katika Ziwa Great Slave, ukashuka mwendo wa kilomita 1,738 mpaka Bahari ya Aktiki, na kwa miezi mingi ya mwaka maji yake huganda kuwa barafu hata watu huweza kupita juu yake. Wadene, ambao ni wenyeji wa kando zake, wana jina lao la tangu zamani, Dehcho, maana yake Mto Mkubwa. Lakini katika ramani umeandikwa jina la mfanya biashara wa ngozi za wanyama, Alexander Mackenzie, mzaliwa wa Stornoway katika visiwa vya Scotland. Mwaka 1789 aliushuka kwa mitumbwi, akiongozwa na wenyeji, akitumaini kufika Bahari ya Pasifiki, asifike. Mto ulimpeleka kwenye bahari ya barafu. Akarudi alikotoka, na mwaka 1793 akashika njia nyingine, akaiona Pasifiki.

Jina hili Mackenzie ni la ukoo wa Kiskoti. Neno Mac kwa lugha yao ya zamani ni mwana, kama watu wa pwani wasemavyo bin, na jina zima maana yake ni mwana wa Kenneth. Ukoo huu umeenea duniani, na watu wake si wa kazi moja. Mmoja, aliyeitwa tena Alexander, alikuwa mwashi wa mawe, naye akawa Waziri Mkuu wa Kanada tangu 1873 hata 1878. Mwingine, George Mackenzie, alikuwa mkuu wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki huko Mombasa. Huyu aliwalipa mabwana fidia kwa ajili ya watumwa watoro waliokimbilia Rabai na misheni nyingine, hata tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru wao. Hata Kanisa lilipata kulichukua jina hilo kutoka mtoni, maana tangu 1884 hata 1933 ilikuwako huko Kanada dayosisi ya Kianglikana iliyoitwa Mackenzie River.

Lakini sisi, katika Yubilei hii, twamkumbuka Mackenzie mwingine, yule aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ambayo wazee wetu waliiita UMCA. Huyu hana mto ulioitwa kwa jina lake. Alipata kaburi tu kando ya mto, na mto huo ni Shire, katika nchi iitwayo sasa Malawi. Kijana akilitafuta jina hili vitabuni huukuta mto wa Kanada kwanza. Askofu humpata baadaye sana, au hampati kabisa. Kwa hiyo yafaa habari zake zisimuliwe hapa kwa taratibu, mema yake na yale ambayo watu wameyateta.

UJANA WAKE

Charles Frederick Mackenzie alizaliwa tarehe 10 Aprili 1825, mahali paitwapo Portmore, katika wilaya ya Peebles, Scotland. Alikuwa mtoto wa mwisho katika nyumba yenye watoto wengi, na baba yake alikufa yeye angali mdogo. Alilelewa na mama yake na dada zake, na mmoja wao, Anne, alishikamana naye maisha yake yote, kama tutakavyoona.

Kazi yake shuleni ilikuwa hisabati. Akaenda Chuo Kikuu cha Cambridge, na katika mtihani mkubwa wa hisabati wa mwaka 1848 akawa wa pili kati ya wote. Mtu wa namna hiyo aliweza kukaa Cambridge mpaka uzeeni, mwenye heshima na chakula cha kutosha. Naye kweli alikaa miaka kadhaa akifundisha katika chuo cha Caius. Lakini mwaka 1851 alipewa ushemasi, akaanza kutumika katika kijiji cha Haslingfield, karibu na mji huo, akiwatembelea wakulima na kuwafundisha watoto wao. Waliomjua wakati ule walimsifu kwa tabia moja hasa, kwamba alikuwa mpole, mwenye furaha, asiyejiona mkubwa mbele ya mtu ye yote.

KAZI YAKE NATAL

Mwaka 1855 Askofu Colenso wa Natal, katika Afrika ya Kusini, alimchukua kuwa Arkidikoni wake. Mackenzie akasafiri pamoja na dada yake Anne. Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika Durban, kati ya Waingereza waliohamia huko, nayo haikuwa rahisi. Baadhi yao walichukizwa kwa sababu alishika taratibu za ibada ambazo hawakuzizoea, hasa vazi jeupe la mhubiri, wakajitenga na kanisa lake. Yeye hakuwalipa kwa chuki. Baadaye akahamia Umhlali, mahali pa mashamba, akawa akipanda farasi kutoka kituo hata kituo kuwahubiri Waingereza na Wazulu.

Huko ndiko alikotamani kuvuka mpaka kwenda nchi ya Wazulu wenyewe, ambako Injili ilikuwa haijaenea. Mwaka 1859 akarudi Uingereza akiwa na shauri hilo moyoni. Hakujua ya kuwa njia yake ilikuwa inageuzwa.

WITO

Tarehe 4 Desemba 1857 Dr. Livingstone alikuwa amesimama mbele ya walimu na wanafunzi wa Cambridge, akawaeleza habari za Afrika ya Kati na uovu wa biashara ya watumwa, akawasihi watume watu. Maneno yake yaliwaingia. Vyuo Vikuu vya Oxford na Cambridge vikaungana, kisha na Durham na Dublin, kuanzisha Misheni moja. Tarehe 1 Novemba 1859 ukafanywa mkutano mkubwa huko Cambridge, na Mackenzie akaombwa awe kiongozi. Akakubali.

Tarehe 2 Oktoba 1860 ikafanywa ibada ya kuwaaga katika kanisa kuu la Canterbury, na baada ya siku chache wakapanda meli. Siku ya kwanza ya mwaka 1861, katika kanisa kuu la Cape Town, Askofu Gray pamoja na maaskofu wenziwe walimweka wakfu Mackenzie kuwa Askofu. Watu wote wa kazi yake hawakuwa wengi: mapadre Procter, Scudamore na Rowley, Bwana Horace Waller, seremala, mkulima, na Waafrika wachache waliotwaliwa Cape Town, nao baadhi yao wenyewe walikuwa wamepata kuwa watumwa. Askofu akapewa eneo ambalo hakuna mtu aliyeweza kulipima, yaani watu wote wakaao karibu na Ziwa Nyasa na Mto Shire.

Wasomaji wa kusini mwa Tanzania na wajue jambo hili, kwamba mto wa kwanza ambao Askofu huyu aliuingia ni Ruvuma. Livingstone alitaka kuujaribu, ili apate njia ya kwenda Nyasa isiyopita katika nchi ya Wareno. Mwezi wa Machi 1861 walipanda Ruvuma kwa meli iitwayo Pioneer, wakaenda mwendo mdogo tu, maji yakapungua, ikawabidi kurudi kabla ya kukwama. Basi wakaenda Zambezi, na kutoka Zambezi wakaingia Shire. Hapo pia meli ilikwama mara kwa mara katika michanga, na watu wakaivuta kwa kamba siku baada ya siku. Hata mwezi wa Julai wakafika kwa Chibisa, na kutoka hapo ikawa ni kwenda kwa miguu kupanda milima.

WATUMWA KATIKA KIJIJI CHA MBAME

Walipopanda milimani Askofu alikuwa amechukua bunduki yenye risasi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili fimbo yake ya kichungaji, ambayo alipewa Cape Town. Yeye mwenyewe aliliona jambo hilo, akatafakari jinsi vitu viwili hivyo visivyofanana. Nasi tulishike neno hili, maana habari yote iliyobaki ni habari ya mikono hiyo miwili.

Walikuwa wamepumzika katika kijiji cha Mbame walipoambiwa ya kuwa msafara wa watumwa unakuja, ukielekea Tete. Mara ukatokea. Wanaume walikuwa katika makongwa, wanawake na watoto wamefungwa kamba, na wachungaji wao wakitembea na bunduki na vipembe. Walipomwona Livingstone na watu wake, wale wenye bunduki wakatupa kila kitu wakakimbia. Askofu wakati huo alikuwa amekwenda kijitoni kuoga. Aliporudi akakuta makongwa yanakatwa kwa misumeno, na kamba zinakatwa kwa visu, na watu 84 wako huru, wengi wao wanawake na watoto. Akalikubali jambo lililofanywa, akafurahi nalo.

Lakini sasa watu hao waende wapi? Vijiji vyao vilikuwa vimechomwa, na kuwaacha njiani ni kuwarudisha utumwani. Livingstone akamwambia Askofu awachukue, nao wakakubali kukaa naye. Hivyo mtu aliyekuja kutafuta kundi akapewa kundi siku moja, tena kabla hajajua lugha yao. Kati yao alikuwamo mtoto wa Kiyao, jina lake Chuma. Msomaji alikumbuke jina hilo.

MAGOMERO

Jumbe wa Wamang'anja, Chigunda, aliwapa mahali paitwapo Magomero, penye kijito kilichozunguka pande karibu zote. Palifaa kwa kujilinda, lakini palikuwa bondeni, pasipo hewa nzuri, na hilo liliwagharimu baadaye. Wakajenga nyumba za miti na nyasi. Askofu, ambaye Cambridge ilimheshimu kwa hisabati, sasa alibeba miti, akagawa mahindi kwa kipimo, akacheza na watoto, akajifunza maneno ya Kimang'anja moja moja. Watu wakaongezeka kupita 150. Kila siku palikuwa na sala, na watoto wakafundishwa kwa utaratibu.

Askofu hakuharakisha kubatiza. Aliona kwamba mtu asibatizwe katika lugha ambayo mwalimu wake haijui, na ya kuwa mtu aliyeokolewa jana aweza kukubali lo lote kwa shukrani tu. Akataka kwanza wajue. Kwa hiyo alikufa bila kuacha kanisa la Wakristo katika Magomero, na wako waliomhesabia jambo hilo kuwa ni hasara. Mwalimu wa dini aliyepata kuwafundisha wakatekumeni atajua ya kuwa haikuwa uvivu.

BUNDUKI NA FIMBO

Sasa twafika mahali penye mateto. Wakati ule nchi ilikuwa katika vita. Wayao, waliokuwa wamesukumwa kutoka kwao kwa vita na njaa, waliingia nchi ya Wamang'anja, wakachoma vijiji na kuuza mateka kwa wachuuzi wa watumwa. Tarehe 22 Julai 1861, Livingstone na Askofu walikwenda kuzungumza nao, lakini mazungumzo yakaharibika, mishale na risasi zikapigwa, na kijiji kikachomwa. Kisha Livingstone akaenda zake ziwani, baada ya kumshauri Askofu asijitie tena katika vita vya wenyeji.

Wamang'anja wakaja kwa Askofu, wakamsihi awasaidie. Akawaza sana, akashauriana na wenzake. Mwisho akakubali, kwa sharti kwamba majumbe wote waape kuacha kuuza watu, na mateka watakaopatikana wawe huru. Mwezi wa Agosti akaenda, akajaribu kwanza kusema na Wayao, wasikubali. Wakapigana, Wayao wakakimbia, vijiji vikachomwa. Mwezi wa Oktoba ikawa vivyo hivyo tena. Watu wengi waliokuwa mateka wakafunguliwa, na baadhi yao wakaja Magomero.

Habari zilipofika Uingereza watu wakafadhaika. Wengine walisema ya kuwa mchungaji asipowatetea kondoo zake ni mtu wa mshahara tu. Wengine, na kati yao wanachuoni wakubwa wa Kanisa, walisema ya kuwa mjumbe wa Injili hana ruhusa ya kuua mtu, na afadhali afe yeye. Mateto hayo hayakwisha upesi.

Sisi twaweza kusema nini? Kwanza, hakupigana kwa ajili ya nchi wala mali. Alikuwa na watoto mikononi mwake ambao aliwaona wakitolewa katika kamba, naye alijua watakavyofanywa wakirudishwa. Anayemhukumu na ajiulize angefanya nini yeye siku ile.

Pili, hata hivyo yapasa kusema kwamba bunduki haikufanya alilolitaka. Wamang'anja walioapa hawakuwa wote wenye mikono safi, maana baadhi ya majumbe wao waliuza watu kama wengine. Alipoingia upande mmoja, upande wa pili hawakuweza tena kumwona kuwa ni mjumbe wa amani kwao. Na Wayao hao ni ndugu wa Wayao wa Masasi na Tunduru. Wako miongoni mwetu ambao babu zao ni wa kabila lile lile lililochomewa vijiji. Habari hii haiwezi kusimuliwa kanisani kama kwamba wao walikuwa maadui na sisi tulikuwa watu wa Askofu. Sisi tu watoto wa pande zote mbili.

KISIWA CHA MALO

Askofu alikuwa amepatana na Livingstone wakutane mahali Mto Ruo unapoingia Shire, mwanzo wa Januari 1862. Meli ilikuwa inatazamiwa kuleta vyakula na dawa, na pamoja navyo dada yake Anne, na mke wa Padre Burrup, kijana aliyefika Magomero mwezi wa Novemba. Procter na Scudamore walitumwa kutafuta njia ya nchi kavu, lakini katika kijiji kimoja wakashambuliwa, wakaponea chupuchupu, na baadhi ya wachukuzi wao wakakamatwa. Askofu akaenda kuwadai watu wake, kijiji kikachomwa, na siku zikapita. Mvua ikawanyeshea, wakala chakula kibaya, na Burrup akarudi na tumbo la kuhara.

Tarehe 3 Januari wawili hao, Askofu na Burrup, wakaondoka ingawa hawakuwa na nguvu. Kwa Chibisa walipata mtumbwi na Wamakololo watatu wa kuwasaidia. Usiku mmoja mbu waliwatesa hata wasiweze kulala, wakaona ni heri kuendelea na safari gizani. Mtumbwi ukajaa maji. Watu waliokoka, lakini kisanduku cha dawa kikapotea, na ndani yake ilikuwamo kwinini yote. Wakafika kisiwa cha Malo, karibu na Ruo, wakaambiwa ya kuwa meli ya Livingstone imekwisha kupita kushuka siku chache kabla yao.

Wangeweza kurudi. Lakini Askofu alihesabu kwamba meli itapanda tena karibuni, na akina mama watakuwa ndani yake, wakakaa kuingoja. Jumbe wa kisiwa akawapa kibanda. Palikuwa mahali pa majimaji na matope. Homa ikawashika wote wawili, nao hawakuwa na dawa. Askofu akazidi kuwa dhaifu, mpaka fahamu zikampotea siku nyingi. Tarehe 31 Januari 1862, jioni, akafa. Umri wake ulikuwa miaka 36, na uaskofu wake mwaka mmoja na siku 30.

Jumbe hakukubali maiti ilale kisiwani. Basi Burrup, ambaye mwenyewe alisimama kwa shida, pamoja na Wamakololo wakaivusha ng'ambo kwa mtumbwi, wakachimba kaburi chini ya mti mkubwa. Giza lilikuwa limekwisha kuingia, asiweze kuona maandishi ya kitabu. Akasoma maneno ya maziko kwa kadiri alivyoyakumbuka. Kisha akaanza safari ya kurudi, na mwisho alichukuliwa kwa machela. Akafika Magomero, akaleta habari, na tarehe 22 Februari akafa naye.

DADA YAKE NA WENZAKE

Anne Mackenzie na Bibi Burrup walifika Zambezi mwanzo wa Februari, wakiwa wamejaa furaha ya kukutana na ndugu na mume. Wakapandishwa Shire kwa mashua. Waliuliza habari huku na huku, wasipate jibu la hakika. Hata mwezi wa Machi, walipofika kwa Chibisa, wakapewa habari kwamba wote wawili wamekufa. Anne mwenyewe alikuwa mgonjwa, akachukuliwa kurudi. Lakini hakuiacha kazi. Alikumbuka ya kuwa ndugu yake alitamani kwanza kuwaendea Wazulu, akakusanya fedha kwa ajili hiyo na kutoa gazeti la misheni, na mwaka 1870 nchi ya Wazulu ikapata Askofu wake. Hivyo shauri aliloliacha Mackenzie kwa utii lilitimizwa kwa mikono ya dada yake.

Huko Shire mambo yakazidi kuwa mabaya. Wamisheni wakaondoka Magomero pamoja na watu wao, wakashuka kwa Chibisa. Njaa na ndui na kuhara vikaua wengi wa wale waliofunguliwa. Scudamore akafa tarehe 1 Januari 1863, na Dr. Dickinson mwezi wa Machi. Askofu Tozer alipokuja mwaka huo huo, aliona ya kuwa njia ya mto ule ni njia ya makaburi. Baada ya kukaa muda katika Mlima Morambala, akaihamisha Misheni mpaka Unguja, akafika mwezi wa Agosti 1864 pamoja na Dr. Steere. Wengi walimlaumu kwamba amekimbia. Waller alikataa kuwaacha yatima na wajane waliomtegemea, akafanya bidii wapelekwe mahali pa salama, na wengine akawafikisha Cape Town.

KILICHOBAKI

Mtu akihesabu kama wafanya biashara wanavyohesabu, atasema kwamba kazi ya Askofu Mackenzie ilikuwa hasara tupu. Hakubatiza kundi, kituo chake kiliachwa kabla ya mwaka mmoja kupita, watu wake wengi walikufa, na vita alivyopigana havikukomesha biashara ya watumwa.

Lakini tutazame tena. Yule mtoto Chuma, aliyefunguliwa katika kijiji cha Mbame na kulelewa Magomero, akawa mtumishi wa Livingstone. Mwaka 1873 Livingstone alipokufa katika nchi iitwayo sasa Zambia, Chuma na Susi na wenzao waliuchukua mwili wake mwendo wa miezi mingi mpaka Bagamoyo, kazi ambayo dunia nzima iliistaajabia. Baadaye Chuma akaitumikia Misheni yetu katika safari zake za bara, na mwaka 1882 akafa Unguja. Basi kati ya wale 84 alitoka mmoja aliyezishika pamoja habari za Shire na habari za Unguja.

Tena Misheni ilipokaa Unguja ilianza na wavulana watano tu waliotolewa katika jahazi za watumwa. Mwaka 1873 soko la watumwa likafungwa kwa mkataba, na Steere akajenga kanisa kuu mahali pale pale. Mwaka 1876 akawapeleka watu waliofunguliwa mpaka Masasi, nao wakawa mwanzo wa Kanisa la kusini. Na mwaka 1882 Wamagwangwara walipoishambulia Masasi, mapadre hawakushika bunduki. Watu walitawanyika, mali ikateketea, na Padre Porter akawafuata wale mateka mpaka katika nchi ya adui, akachukua fidia mkononi ili awakomboe. Ilikuwa imepita miaka 21 tangu Magomero. Swali lilikuwa lile lile aliloulizwa Mackenzie, na safari hii mkono ulioshika bunduki ulikuwa umeiweka chini, ukabaki ule wenye fimbo.

Hatusemi ya kuwa Porter alikuwa mwema kuliko Mackenzie. Twasema ya kuwa mtu wa kwanza hupita njia isiyo na alama, na wanaomfuata hujua pa kukanyaga kwa sababu yeye alipita na kuumia. Mto wa Kanada uliitwa kwa jina la mtu aliyefika mwisho wake, ingawa si mwisho alioutaka. Kwenye Shire, Livingstone alisimamisha msalaba juu ya kaburi la mtu ambaye hakufika mwisho wo wote.

Basi katika Yubilei hii, tunapotaja majina ya maaskofu wetu mmoja mmoja, tuanze na hili, na tusiliseme haraka. Wazazi wawaeleze watoto wao ya kuwa kabla ya makanisa ya mawe, kabla ya shule na hospitali, alikuwako mtu aliyeacha heshima ya Cambridge akafa katika kibanda cha mtu mwingine, bila dawa, akingoja meli. Na walimu wa dini, ambao kazi yao haionekani na hesabu yake ni ndogo kila mwaka, wajue ya kuwa Misheni yao ilianzwa na mtu ambaye hesabu yake ilikuwa ndogo kuliko yao.

Mungu ampe raha ya milele, yeye na Burrup, Scudamore na Dickinson, na wale wote wa Magomero ambao majina yao hayakuandikwa, Wamang'anja na Wayao pamoja.